Daftari la Mizani

Mizani yangu huiba. Nusu kilo kwa kila kumi.
Kariobangi nzima yajua, hata watoto waokota chupa wajua,
nao huloweka magunia kabla ya kuniletea,
basi tumeishi hivyo, hakuna anayemdai mwenzake.

Lakini Makokha alipokuja mara ya kwanza, mikono mitupu,
akapanda juu ya bamba akasema, Nipime,
nilicheka. Nikamuuliza: shaba ama bati?
Akasema: maji.

Figo zimegoma, akanieleza.
Kati ya mashine na mashine asiongeze zaidi ya kilo mbili,
na mizani ya hospitali inakaa hospitali.
Jioni ile nilipiga magoti nikachomoa
kile kipande cha risasi chini ya bamba.

Kila alfajiri, kabla ya mikokoteni, akawa anapimwa bure.
Nikaandika kati ya betri na sufuria:
Jumatatu, Makokha, sitini na moja.
Jumanne, sitini na mbili kasorobo.
Jumatano, mashine.
Alhamisi, sitini.
Mwashi yule, mtu wa kubeba saruji hadi ghorofa ya saba,
alikunywa kwa kifuniko cha soda,
akivihesabu vifuniko kama mtu anayelipa deni.
Mtaa mzima unafukuza maji na mitungi,
yeye anayakimbia.

Kisha serikali ikatangaza inajifunga mkanda.
Mkanda ukafungwa kiunoni mwa Makokha.

Bima ikawa ya wanaostahili, na kustahili kukawa maswali
kwenye simu ya mkewe, Nekesa:
Ukuta ni wa nini? Mnapikia nini? Mna redio?
Paa ni la nini?
Nekesa ni mtu wa kanisa. Akabonyeza: bati.
Simu ikafikiri kidogo, ikarudi na mchango wa mwaka,
ulipwe wote kwa mkupuo,
kuliko nguo zote anazofua Buruburu miezi mitatu.

Bati! Mimi ndiye ninayenunua bati. Niulizeni mimi.
Lenye kutu, shilingi ishirini na mbili kwa kilo.
Lenye matundu, bei ni hiyo hiyo, matundu hayana uzito.
Hakuna aliyenipigia.

Mashine mbili kwa wiki zikawa moja.
Moja ikawa tutaona.
Sitini na tatu. Sitini na nne na nusu.
Viatu akaanza kuvikanyaga visigino.
Sitini na sita, pumzi inafika langoni kabla yake.
Wengine hunenepa kwa nyama; yeye alinenepa kwa kutokojoa.
Nikamwambia, leo una rangi nzuri.
Akanitazama
vile wanavyonitazama wenye magunia.

Jana hakuja.
Alikuja Nekesa, na mkokoteni wa kuazima,
mabati sita, misumari bado imening'inia.
Ni ya upande wa jikoni, akasema, mvua ni mwezi ujao.

Nikayapanga. Mshale ukatulia arobaini na moja.
Nikaweka mguu. Kidogo tu, kama mtu anayejinyoosha.
Mshale ukapanda: hamsini, hamsini na tano.
Nekesa aliona. Nami nilijua ameona.
Akageuza uso, akaangalia moshi wa Dandora
mpaka nikamaliza kuhesabu:
elfu moja, mia mbili na kumi.
Mashine inataka hizo mara nane.
Hata ningepanda mwenyewe mzimamzima,
na mkokoteni juu, na mbwa wangu,
isingefika.

Akazifunga kwenye ncha ya leso. Hakushukuru,
na alifanya vizuri.

Daftari linasema:
Jumapili, Makokha, sitini na nane.
Jumatatu, mabati, hamsini na tano.
Uongo huo niliuandika kwa wino.

Leo ni Jumanne. Nimefungua kungali giza,
nimepangusa bamba kwa shati langu.
Kijana wa betri amefika, anapiga lango.
Nimemwambia angoje.